Mshale Mmoja, Watu Watatu: Somo la Kutengeneza Mshale wa Mti Nyumbani

UTANGULIZI

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu kazi za mikono na akampa akili ya kuzifanyia. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila anayefuata uongofu wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, katika vitabu vya Hadithi utakutana na mshale mara nyingi kuliko unavyodhani. Utaukuta katika mlango wa jihadi, katika mlango wa uwindaji, katika adabu za msikiti, na hata katika mlango wa kutahadharisha watu na upotofu. Lakini wengi wetu tunazisoma Hadithi hizo hali ya kuwa hatujapata kuushika mshale. Tunajua tu kwamba ni kijiti chenye ncha. Matokeo yake maneno ya Bwana Mtume (S.A.W.) yanatupita juu juu, kama mtu anayesoma habari za bahari naye hajapata kuiona.

Somo hili lina makusudio mawili. La kwanza ni kukufundisha kutengeneza mshale wa mti nyumbani, kwa vifaa vya kawaida, ukiwa pamoja na mzazi wako au mkubwa wako. La pili ni kuonesha kwamba kijiti hicho hicho kinaweza kuwa ibada na kinaweza kuwa dhambi, na kinachotenganisha ni nia ya aliyekitengeneza na namna anavyokitumia.

1. WATU WATATU KWA MSHALE MMOJA

Amepokea Uqba bin Amir (R.A.) kutoka kwa Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyomo ndani ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Allah (S.W.) huwaingiza Peponi watu watatu kwa sababu ya mshale mmoja: aliyeutengeneza akikusudia kheri katika kuutengeneza kwake, aliyeutupa, na aliyemkabidhi mtupaji.

Tazama mpangilio wa watu hao. Aliyetajwa mwanzo ni fundi. Watu husifu shabaha ya mpigaji kwa kuwa ndiye anayeonekana uwanjani. Fundi yuko nyumbani, kijasho kinamtoka, vumbi la mti limemjaa magotini, na hakuna anayemjua. Hata hivyo ametajwa wa kwanza, na akawekewa sharti: akusudie kheri. Haya ndiyo yale yale tuliyojifunza katika Hadithi ya Umar bin al-Khattab (R.A.), iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba amali huzingatiwa kwa nia.

Mtu wa tatu naye tusimdharau. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alikuwa akitupa mishale kumhami Mtume (S.A.W.). Saad mwenyewe amesimulia, katika Sahih Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alimmiminia mishale ya podo lake na kumhimiza atupe, akimwambia baba yangu na mama yangu wawe fidia kwako. Kumbe siku ile kazi ya mkabidhi ilifanywa na mbora wa viumbe. Basi dada anayemshikia kaka yake uzi, na mama anayetafuta manyoya, wasidhani kuwa wao wako nje ya kazi hii.

Ifahamike pia kwamba zama zile mshale ulikuwa silaha ya kuulinda umma uliokuwa ukishambuliwa. Leo ulinzi wa nchi una wenyewe, nao wana zana zao. Kwetu sisi mshale umebaki kuwa ufundi, mazoezi ya mwili na utulivu wa moyo. Ulimwenguni nao haujafa. Mchezo wa kulenga shabaha kwa upinde umo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1972 bila kukatika, na mwaka 2019 shirika la UNESCO liliingiza ufundi wa jadi wa upinde wa Uturuki katika orodha ya urithi wa wanadamu.

2. SEHEMU ZA MSHALE NA MAJINA YAKE

Kabla ya kushika kisu tujue majina. Wazee wetu wa Kiswahili walikuwa na maneno yao, na ni vizuri tusiyaache yakapotea.

(a) Wano (wingi: mawano). Ni ule mti wenyewe wa mshale. Kwa Kiarabu huitwa qidh au nadhiy.
(b) Chembe. Ni ncha ya mbele. Kwa Kiarabu ni nasl.
(c) Manyoya. Hukaa nyuma, nayo ndiyo yanayouongoza mshale. Kwa Kiarabu ni rish, na moja moja likishakatwa na kuwekwa huitwa qudhdha, wingi qudhadh.
(d) Mwanya wa nyuma, mahali unapopachikwa upote, yaani kamba ya upinde. Kwa Kiarabu ni fuq.
(e) Mafungo ya ukano au uzi yanayoshikilia chembe kwenye wano. Kwa Kiarabu ni risaf.

Sasa tuirejee Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.), iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, inayowahusu watu watakaosoma Qur'ani na isivuke koo zao. Mtume (S.A.W.) aliwafananisha na mshale unaopenya mnyama na kutokea upande wa pili. Mwindaji anautazama mshale wake: kwenye nasl hakuna kitu, kwenye risaf hakuna kitu, kwenye nadhiy hakuna kitu, kwenye qudhadh hakuna kitu. Umepita kwa kasi kiasi kwamba hata tone la damu halikunata.

Asiyeujua mshale huona hapo majina manne magumu. Anayeujua anaona mwindaji akiukagua mshale kutoka ncha mpaka manyoya, kipande kwa kipande, akitafuta athari na asiione. Ndivyo dini ilivyowapitia watu hao. Waliingia na wakatoka, na hakuna kilichowanata. Mwenyezi Mungu atulinde sisi na wanafunzi wetu tusisome tukawa hivyo.

3. VIFAA

Tafuta kisu kikali, msumeno mdogo wa kukatia chuma, msasa mkavu na mlaini, jiko la makaa, gundi ya mbao, uzi imara wa pamba, rula, mkasi, na manyoya ya kuku au bata. Kazi ya kisu, msumeno na moto ifanywe na mkubwa, au mtoto aifanye mkubwa akiwa amekaa ubavuni pake. Hili si la hiari.

4. HATUA ZA KUTENGENEZA

Hatua ya kwanza: Kuchagua mti

Mti mzuri kwa wano ni ule unaonyumbulika bila kuvunjika. Katika nchi zetu mkole umetumika tangu zamani kwa pinde na kwa mishale. Tafuta matawi machanga yaliyonyooka, unene kama kidole kidogo cha mkono, yasiyo na vifundo vingi. Yakate marefu kuliko unavyohitaji, kama sentimita 90, kwa sababu ncha hupasuka zikikauka. Na usikate shambani mwa mtu bila idhini yake. Mshale uliotengenezwa kwa mti wa kuiba, kheri yake iko wapi?

Mwenye kukaa mjini anaweza kumwomba seremala kipande cha mbao iliyonyooka nyuzi zake, kama msonobari. Ni bora kukipasua kwa kufuata nyuzi kuliko kukichana kwa msumeno, kwa sababu msumeno hupita popote, lakini mti ukipasuliwa hufuata njia yake wenyewe. Angalia sana jambo hili. Wano ambalo nyuzi zake zinakata ubavuni, yaani hazitembei kutoka mwanzo mpaka mwisho, laweza kuvunjika wakati wa kuachia upote, na kipande chake kikaingia katika mkono wa mpigaji.

Hatua ya pili: Kukausha

Yafunge matawi pamoja, kama mzigo wa kuni, uyakaze kwa kamba. Yaweke kivulini penye hewa kwa muda wa wiki tatu au nne. Usiyaanike juani. Jua hukausha nje haraka na kuacha ndani kubichi, mti ukapasuka. Hapa ndipo vijana wengi hushindwa, si kwa kukosa nguvu bali kwa kukosa subira.

Hatua ya tatu: Kunyoosha

Menya gamba. Funga jicho moja, utazame wano kwa urefu wake, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Utaona mahali lilipopinda. Lipashe joto mahali hapo juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, ukilizungusha, mpaka liwe la moto bila kuungua. Kisha lipinde taratibu kuelekea upande wa pili na ulishikilie hivyo hivyo mpaka lipoe. Ukiliachia kabla halijapoa litarudi lilikokuwa.

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hunyoosha mawano yao kwa moto, kwa mikono na hata kwa meno, na vyembe vyao vya chuma huvifua kutokana na misumari. Ukitaka kuhakikisha kazi yako, liviringishe wano juu ya meza iliyo sawa. Lililonyooka hutembea kimya, na lililopinda hurukaruka.

Hatua ya nne: Kusawazisha na kupima

Likwangue wano kwa kisu na kisha kwa msasa mpaka unene wake uwe kama milimita 8 au 9, bila mabonde wala vilima. Upande mnene wa tawi uwe mbele, upande mwembamba uwe nyuma.

Urefu hupimwa kwa mwili wa mpigaji mwenyewe. Aweke mwisho wa wano katikati ya kifua, anyooshe mikono yote miwili mbele akiwa amelibana wano baina ya viganja. Wano lipite ncha za vidole kwa sentimita 5 hadi 7. Mshale mfupi ni hatari. Ukivutwa sana, ncha yake hurudi nyuma ya upinde, na ukiachiwa waweza kupiga mkono ulioshika upinde.

Jambo jingine ni ugumu. Watu hudhani mshale huruka ukiwa umenyooka kama msumari. Kamera za kasi zilizotumika tangu miaka ya 1930 zimeonesha kwamba mshale ukiachiwa hujipinda, ukauzunguka upinde, kisha hujinyoosha njiani. Kwa hiyo wano likiwa gumu mno au laini mno kwa upinde wake, mshale huenda kombo hata kama mpigaji amelenga vizuri. Kupima ugumu, liegemeze wano juu ya vigingi viwili vilivyo mbali kwa sentimita 66, utundike katikati uzito wa kama kilo 1, upime limeshuka kiasi gani. Yaweke pamoja mawano yanayoshuka sawasawa, na uwe na sita yanayofanana.

Hatua ya tano: Mwanya wa nyuma

Kata mwanya wenye kina cha milimita 6 hadi 8, upana wake utoshe upote bila kuubana sana. Ukitumia kipande cha mbao, utazame mistari ya mti kwenye ncha, na mwanya uikate mistari hiyo, usiende sambamba nayo. Ukienda sambamba, upote utalipasua wano kama shoka linavyopasua kuni. Kisha zungushia uzi wenye gundi chini kidogo ya mwanya ili kuuimarisha.

Hatua ya sita: Manyoya

Chukua manyoya matatu makubwa ya bawa, yote ya upande mmoja. Yakiwa ya kulia yawe ya kulia yote, na ya kushoto hivyo hivyo. Ya kulia na ya kushoto yamelala kinyume, na ukiyachanganya yatapingana hewani. Pasua kila unyoya katikati ya uti wake, ukwangue uti mpaka ulale vizuri juu ya wano, kisha ukate urefu wa sentimita 10 hadi 12. Kimo kiwe kama sentimita moja na nusu.

Acha sentimita 3 kutoka kwenye mwanya kwa ajili ya vidole. Upande mnene wa uti utazame mbele, ili nyuzi za unyoya zilale kuelekea nyuma. Unyoya mmoja usimame kama msalaba na mwanya, nao huo ndio utakaokaa upande wa nje, mbali na upinde. Mengine mawili yagawane mzunguko uliobaki kwa usawa. Bandika kwa gundi, kisha zungusha uzi kuanzia mbele, ukipita baina ya nyuzi za unyoya, mpaka nyuma. Ncha ya mbele ya kila uti ichongwe iwe laini na ifunikwe kabisa kwa uzi, maana mshale hupita juu ya mkono, na uti ulioachwa wazi hukata ngozi.

Mpango huu ni wa kale mno. Mwaka 1991 ulipatikana katika barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, mwili wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Podo lake lilikuwa na mishale 14. Iliyokamilika ilikuwa 2 tu, nayo ina manyoya matatu, yamebandikwa kwa lami ya mti na kufungwa kwa uzi.

Hatua ya saba: Ncha

Kwa wanafunzi hatuweki chembe cha chuma chenye makali. Lichonge wano liwe duara mbele, zungushia waya mwembamba kwa urefu wa sentimita 2 ili kuongeza uzito, kisha funika kwa kitambaa na uzi. Upime mshale juu ya kidole kimoja. Ukiwa na urefu wa sentimita 75, mahali unapotulia pawe sentimita 5 hadi 9 mbele ya katikati. Ukitulia nyuma ya hapo, ongeza waya.

Mwisho paka vanishi. Mishale iliyokamilika ilazwe au itundikwe. Usiiegemeze ukutani, itapinda. Na kila unapotaka kuutumia mshale, uukunje kidogo huku na huku kwa mikono, usikilize. Ukisikia unalia au ukiona ufa, uvunje na kuutupa siku hiyo hiyo, hata kama umekugharimu mwezi mzima.

5. HUKUMU ZINAZOHUSIANA NA MSHALE

Kwanza: Tohara ya manyoya. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, manyoya ya ndege aliyechinjwa kisheria ni tohara, na vile vile yaliyotolewa kwa ndege anayeliwa akiwa hai. Ama manyoya ya ndege aliyekufa kibudu, au ya ndege asiyeliwa kama tai, ni najisi. Basi mwenye kubeba mshale wake katika Swala azingatie manyoya yametoka wapi. Kwa sababu hii tumechagua kuku na bata wa nyumbani waliochinjwa.

Pili: Uwindaji. Adiy bin Hatim (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu miradh, kijiti cha kutupa cha kuwindia. Akafundishwa, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba kikipiga kwa ncha yake na kupenya, mnyama ataliwa, na kikipiga kwa ubavu wake, huyo ameuawa kwa kipigo, asiliwe. Hukumu hii inakwenda pamoja na aya ya 3 ya Suratul Maida, iliyoharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Kijana asikilize vizuri: mshale butu tuliofundisha hapa, ukiua ndege, ndege huyo ni haramu, isipokuwa umdiriki akiwa hai hasa, umchinje. Ni sawa na jiwe la manati. Na kupiga vijiwe ovyo Mtume (S.A.W.) amekukataza, akaeleza kwamba hakuui windo wala hakumdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Hadithi hiyo ni ya Abdullah bin Mughaffal (R.A.), imo ndani ya Bukhari na Muslim.

Tena kuna sheria za nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania haumruhusu mtu kuwinda bila kibali. Ama sumu za mishale zinazotokana na miti ya porini, hizo tusizisogelee wala tusiziulizie. Husimamisha moyo wa binadamu kama wa mnyama.

Tatu: Kulenga kilicho hai. Ibn Umar (R.A.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga. Walipomuona walitawanyika. Akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Wamepokea Bukhari na Muslim. Basi paka, kuku wa jirani na mjusi ukutani wote wamo katika katazo hili.

Nne: Kupiga ramli. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa na mawano yasiyotiwa manyoya wala vyembe, wakiyaita azlam. Mtu akitaka kusafiri au kuoa huyatikisa na kutoa moja, limwambie afanye au asifanye. Allah (S.W.) ameyaharamisha katika Suratul Maida, aya ya 3 na ya 90. Na Mtume (S.A.W.) alipoingia Makka mwaka wa 8 Hijria (630), alikuta katika Al-Kaaba picha za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail (A.S.) wameshikishwa azlam. Akaamuru ziondolewe, na akabainisha kwamba Manabii hao hawakupiga ramli kwa mishale kamwe. Nabii Ismail alikuwa mpiga mishale, kama alivyotaja Mtume (S.A.W.) alipopita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana. Mti ule ule, mmoja anaufanyia mazoezi, mwingine anauomba umwambie yajayo. Wa kwanza amemfuata Ismail, wa pili amemzulia.

Tano: Mashindano na zawadi. Wanafunzi waliofika kitabu cha Abu Shujaa wanajua kwamba kimo humo mlango wa mashindano ya mbio na kutupa mishale. Zawadi ikitolewa na mwalimu au mzazi, inafaa. Ikitolewa na mmoja wa washindani peke yake, kwamba akishinda atabaki nayo na akishindwa ataichukua mwenzake, pia inafaa. Lakini wote wawili wakiweka pesa ili mshindi azoe zote, hiyo ni kamari, mpaka aingie baina yao mshindani wa tatu asiyeweka kitu. Na Imam Shafi mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 150 Hijria (767) na kufariki Misri mwaka 204 Hijria (820), imepokewa kwamba ujanani mwake alipenda mambo mawili, elimu na kutupa mishale, na katika mishale alikuwa akipatia kumi kwa kumi. Elimu haikumzuia kucheza, na mchezo haukumzuia kusoma.

6. ADABU NA USALAMA

Abu Musa al-Ashari (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake kwa kiganja, asije akamuumiza Muislamu yeyote. Na katika Sahih Muslim, Abu Huraira (R.A.) amepokea kwamba Malaika humlaani mwenye kumnyooshea nduguye chuma, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama. Yaani hata mzaha haukubaliki. Kwa hiyo sharti zetu ni hizi:

(a) Hapapigwi mshale bila mtu mzima kuwepo.
(b) Shabaha iwe gunia lililojazwa majani makavu au nguo chakavu, na nyuma yake pawe na ukuta au kichuguu, si njia ya watu.
(c) Wote wasimame nyuma ya mstari mmoja, na asiende mtu kuokota mpaka pinde zote ziwe chini.
(d) Mshale hautupwi juu angani. Usichokijua kitaangukia wapi, usikiachie.
(e) Mshale hauelekezwi kwa mtu, uwe kwenye upinde au mkononi, kwa hasira wala kwa utani.

Wazazi nao tunawaomba wasiishie kusema “acha”. Kijana ambaye mkubwa wake amekaa naye jioni tatu akimfundisha kunyoosha wano amejifunza kuogopa ncha kuliko aliyekatazwa tu, kisha akajichongea peke yake nyuma ya nyumba.

7. FUNDI WA ZAMZAM

Tumalizie kwa kisa kilichomo katika Sira ya Ibn Is'haq. Abu Rafi (R.A.) alikuwa mtumwa wa Abbas, ami yake Mtume (S.A.W.), naye alikuwa amesilimu kwa siri. Alikuwa mtu dhaifu wa mwili, na kazi yake ilikuwa kuchonga aqdah katika chumba cha Zamzam. Neno hilo wapo waliolifasiri kuwa mawano ya mishale, na wapo waliosema ni vikombe vya mti.

Mwaka wa 2 Hijria (624), baada ya vita vya Badri, alikuwa ameketi akichonga, na Ummul Fadhl, mke wa Abbas, yupo karibu. Akaja Abu Lahab akikokota miguu, akakaa. Akaletewa habari za kushindwa kwa Makureshi, na za watu weupe juu ya farasi baina ya mbingu na ardhi. Abu Rafi hakuweza kujizuia. Akainua pazia la hema na kusema kwamba hao ni Malaika. Abu Lahab akampiga usoni na kumwangusha chini. Ndipo Ummul Fadhl aliponyanyua mti wa hema akampasua Abu Lahab kichwa, akamuuliza kama amemwona dhaifu kwa kuwa bwana wake hayupo. Haikupita ila kama siku saba Abu Lahab akafa. Abu Rafi yeye akaishi, Mtume (S.A.W.) akamwacha huru, na akahesabiwa miongoni mwa Masahaba wapokezi wa Hadithi.

Mchongaji yule hakuwa na nguvu, mali wala ukoo wa kujivunia. Alikuwa na kisu, kipande cha mti na imani. Ewe kijana, kazi ya mikono haimshushi mtu, na udhaifu haumzuii mtu kuwa na fungu lake katika kheri. Lakini fungu hilo lina sharti lile lile la fundi wa mshale: kusudia kheri, na uifanye kazi yako vizuri hata pale asipokuona mtu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Wataje watu watatu wanaoingia Peponi kwa mshale mmoja. Sharti gani limewekwa kwa fundi?
2. Eleza maana ya nasl, risaf, nadhiy na qudhadh, na namna zinavyosaidia kuifahamu Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.).
3. Kwa nini manyoya matatu yatoke upande mmoja wa bawa?
4. Juma amempiga njiwa kwa mshale butu, njiwa akafa papo hapo. Je, ataliwa? Toa dalili.
5. Vijana wawili wameweka shilingi elfu moja kila mmoja, atakayelenga vizuri achukue zote. Ni ipi hukumu yake, na wafanye nini ili iwe halali?
6. Zoezi la nyumbani: Pamoja na mzazi wako, tafuta matawi sita yaliyonyooka kwa idhini ya mwenyewe, uyafunge na kuyakausha kivulini. Yalete madrasa baada ya mwezi mmoja, tuyanyooshe pamoja Inshaallah.

Wabillahi tawfiq.